Mmoja Kipsing, Mmoja Gotu

Kambini, milima ya Kipsing
Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Kwa Ivy, mtoto wa dada yangu,

Kwanza ujue barua hii imeandikwa na mtu ambaye akiondoka kambini leo, kesho Mama Kate anafunga geti na kurudi kwao Nyeri. Sijisifu. Nasema tu vile mambo yako. Wageni wakishuka kwa gari hawaulizi choo kiko wapi, wanauliza, "Ekitela ni nani?" Mzungu mmoja ameniambia hajaona mlinzi kama mimi hata kwao. Nikamwambia mimi si mlinzi, hii ni nguo tu nimevaa. Mimi ni mshauri wa milima.

Nimesikia umejifungua salama, mtoto msichana. Hongera sana, mama. Yule dereva anayeitwa Wako, wa lori la mboga, ndiye alinipa habari, na kwa furaha niliruka mpaka kofia ikabaki juu ya mti. Uliza Ebei mpishi, ndiye alipanda kuichukua.

Sasa tuje kwa farasi. Wale wawili wa zamani wanatoka kila siku na wageni na Guyo, mwongozaji wao. Lopus, yule mpya unayemfundisha, amebaki na mimi vile ulisema ukienda kujifungua, na anang'aa. Wageni wanampiga picha kuliko twiga. Juzi mmoja aliuliza, "Kwa nini miguu yake ya mbele imeenda hivi?" Ni kweli imeenda hivi. Akisimama hapa akitazama kaskazini, kwato ya kushoto inaangalia Kipsing na ya kulia inaangalia Gotu. Nikamwambia yule mgeni: kwetu ng'ombe wa pembe zilizonyooka ni wa kuchinja. Ng'ombe wa mwanamume ni yule pembe zake zimekunjwa, moja mbele, moja nyuma, mtu akimwona mbali anasema huyo ana mwenyewe. Miguu ya Lopus ni pembe zilizoshuka chini.

Na usisahau nani alimchagua kule ranchini. Wewe ulikuwa unaangalia yule mwingine, wa miguu kama ya meza. Ni mimi nilisema, "Huyu." Hata jina ni mimi nilimpa, kwa sababu ng'ombe wa rangi hiyo, kijivu cha mvua ikiwa mbali, ndivyo tunamwita.

Mtoto mpe maziwa.

Mjomba wako,
Ekitela, mshauri wa milima

*

Bulapesa, Isiolo
13 Oktoba 2023

Mjomba mpendwa,

Asante kwa barua. Wako aliileta pamoja na kabichi mbili ambazo sijui ni nani aliagiza. Mtoto ni mzima, ananyonya kama mtu anayekimbizwa. Mimi bado natembea nikishika ukuta, lakini mama yuko hapa, anakusalimia na anauliza kama umeacha kudanganya wageni.

Nimefurahi Lopus anang'aa. Lakini Mjomba, naomba unisikilize kama mtu mzima mwenzangu. Miguu yake si pembe. Farasi ambaye kwato zake zinaangalia nje, akitembea huzungusha mguu kwa ndani, na anaweza kujigonga mwenyewe. Kila asubuhi pitisha mkono ndani ya miguu ya mbele, chini ya goti. Ukisikia joto au uvimbe, mwambie Guyo. Mfunge vile vitambaa nilivyoacha kwenye ndoo nyekundu. Halafu mpeleke kilimani kwa kamba, wewe ukitembea. Ukimwachia kamba ilegee anachagua mwenyewe jiwe la kukanyaga. Nimemwona akipanda na kushuka mahali ambapo wale wengine wawili waligoma. Ndiyo sababu nilikubali tumchukue. Haikuwa urembo.

Ila usimpande. Tafadhali. Hujawahi kufundishwa, na yeye bado anajifunza uzito.

Nikuambie kitu sijakuambia. Mama Kate hakumtaka. Alimwangalia mara moja akasema, "Ivy, huyu ataniangushia mgeni kwenye mteremko." Nilimwambia hawezi. Nilimwambia mbele ya Guyo na mbele ya Ebei. Akanijibu, "Haya. Neno lako ndilo miguu yake." Kundi kubwa la wageni linakuja katikati ya Novemba na Lopus atapanda nao mlima. Akienda vizuri anabaki. Nami pia nitakuwa nimebaki, kwa njia fulani.

Salamu kwa Ebei.

Ivy

*

Kambini
20 Oktoba 2023

Ivy mama,

Barua yako imefika na nimeisoma mara moja tu, kwa sababu mimi nikisoma mara moja inaingia yote.

Eti nisimpande! Nimecheka mpaka Ebei akatoka jikoni na kisu. Mtu ambaye alipanda ngamia mwenye wazimu kutoka Gotu mpaka Archer's Post bila kamba, akishika masikio tu, huyo ndiye ataenda kutafuta farasi wa kumwongezea nini? Nikitaka kupanda, nitapanda. Lakini sitaki. Kwa heshima yako.

Kila siku tunaenda kilimani. Yeye mbele, mimi nyuma, kamba imelegea vile ulisema. Miguu napapasa, hakuna joto. Tukifika juu mahali pa upepo namwimbia. Usicheke. Mnyama asiyeimbiwa hajui ni wa nani. Nimemtungia wimbo wake, maneno mengi yanahusu miguu.

Ebei ananisumbua. Akiniletea chai anasema, "Apalopus, sukari ngapi?" Anadhani ananitania. Mimi nimeitika, na sasa hata Guyo ananiita hivyo. Apalopus, baba yake Lopus. Wageni wengine wanaweza hata kulitamka. Kwetu mwanamume huitwa kwa ng'ombe wake, na tangu ule ukame uliomaliza ng'ombe wangu sikuwa nimeitwa kwa mnyama aliye hai. Hapa nilikuwa Askari. "Askari, fungua geti." "Askari, leta kuni."

Haya, hayo ni mengine. Mwambie mama yako sijadanganya mtu tangu Pasaka.

Wako,
Apalopus

*

Kambini
Jumamosi, 28 Oktoba 2023

Mpendwa Ivy,

Nimekuandikia kwa sababu huku simu haishiki na sitaki usikie kwa watu wa lori.

Jana mjomba wako alianguka na Lopus. Guyo alikuwa mlimani na wageni, Ebei alikuwa sokoni na Wako, mimi nilikuwa hemani na hesabu zangu. Nilisikia kelele. Nilipofika nilimkuta Mzee Ekitela ameketi karibu na jikoni, matope mwilini, ameshika bega. Anasema walikuwa wakishuka mteremko wa upande wa laga, ule mto wa msimu, mguu wa mbele wa farasi ukakunjika chini yake, wakabingirika, akamwinua na kumrudisha nyumbani. Mfupa wa bega la kushoto umevunjika. Tumempeleka zahanati, amefungwa, yuko sawa, anakula vizuri.

Sikulaumu. Lakini unakumbuka tulichosema. Siwezi kumpandisha mtu juu ya mnyama huyo, na siwezi kumpa jirani ili amwangushe mtoto wake. Sina moyo wa kumpeleka akavute mkokoteni wa mawe na miguu hiyo. Nimeomba daktari wa mifugo aje Ijumaa, tarehe kumi Novemba, kumlaza. Nitashuka Isiolo siku moja kabla kumchukua, na nitapita kwako nimwone mtoto.

Wewe ndiye unayemjua huyu farasi kuliko sisi. Kama una la kusema, niambie Alhamisi hiyo.

Kate Nyaguthii

*

Bulapesa
30 Oktoba 2023

Mjomba,

Pole sana. Pole kwa bega. Mama amelia, halafu akasema bega la kushoto si baya sana kwa mtu asiyefanya kazi, halafu akalia tena.

Kwa nini ulimpanda? Hapana, usijibu hilo. Nimeona haya kukuuliza. Tangu nisome barua ya Mama Kate nimeona haya kwa kila kitu. Naona haya kwa vile nilisimama mbele ya watu nikasema huyu haanguki. Nilijua nini? Nilimtazama siku mbili tatu kwenye vilima nikajifanya mtaalamu. Ungevunjika shingo, ningekuzika kwa neno langu.

Nieleze tu mambo madogo. Ni mguu gani uliokunjika? Ni mahali gani pa mteremko? Na magoti yake yakoje? Farasi akianguka mbele, huchubuka magoti mpaka nyama. Yaoshwe kwa maji ya chumvi.

Ivy

*

Kambini
2 Novemba 2023

Ivy mama, mtoto wa pekee wa dada yangu,

Usilie kwa ajili yangu. Mimi sasa ni mtu wa kutembelewa. Wageni wanapanga mstari. Kuna mwanamke kutoka mbali ameshika hili bega na kusema "oh" mara nyingi.

Umeuliza, nami nitakueleza vile ilikuwa. Tulikuwa juu kabisa, pale ambapo njia ni nyembamba kama mshipi. Mimi nimekaa juu ya Lopus, nimetulia, naangalia nchi. Mara chui! Si chui wa kawaida. Ukubwa wa ndama. Yuko juu ya jiwe, mkia unacheza. Lopus akaniangalia, nikamwangalia. Nikamwambia, "Teremka." Tukateremka kama maji. Chui nyuma, sisi mbele, mawe yanaruka. Tungefika salama kabisa, ila mguu wa kulia ukakataa. Ukakunjika kama karatasi. Mimi nikaruka hewani, na nikiwa hewani nikamshika farasi shingoni ili asiumie, ndiyo bega likavunjika, kwa uzito wake. Chui alipoona hivyo akarudi. Ule mguu wa kushoto ndio niliunyoosha kwa mikono yangu mpaka akasimama.

Magoti yake hayana mkwaruzo hata mmoja. Ni safi kama sahani. Hiyo ni kwa sababu nilimshika.

Usimkasirikie. Miguu ni miguu. Na kuna habari njema: Mama Kate ameniambia kwa mdomo wake kwamba Lopus atapumzishwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nimefurahi sana. Nilimwambia, "Mama, hilo ni jambo la busara, huyu amefanya kazi, apumzishwe." Akanishika mkono, macho yake yakajaa maji. Sikujua kama anampenda hivyo. Nimeshaanza kumkatia nyasi za likizo yake.

Mjomba wako aliyepambana,
Apalopus

*

Bulapesa
Jumapili, 5 Novemba 2023

Mjomba,

Nyasi za likizo.

Nimekaa na barua yako tangu jana, mtoto akiwa begani, sijui nianzie wapi. Umesikia redio wakitangaza matanga? "Marehemu atapumzishwa nyumbani kwake." Ndivyo Mama Kate alivyosema. Daktari anakuja na sindano. Lopus hatapewa likizo. Atachimbiwa shimo.

Alhamisi Mama Kate atakuwa hapa kwangu, ataketi kwenye kiti hiki, na ataniuliza kama nina la kusema. Nimefikiria. Ningeweza kusema farasi aliyeshuka mteremko akaanguka mbele hawezi kuwa na magoti safi kama sahani. Ningeweza kusema mguu uliokunjika katika barua yako ni wa kulia, halafu ule ulionyooshwa ni wa kushoto. Ila nikisema hivyo nitakuwa nimesema nini juu yako? Wewe ni ndugu ya mama yangu. Ulinibeba mabegani kuvuka laga nikienda shule. Siwezi kukuuliza, na siwezi kukusemea kwa mtu wa nje. Kwa hivyo Alhamisi nitamwambia Mama Kate kwamba nilikosea, na kwamba yeye aliona vizuri tangu mwanzo.

Mshike masikio, pale karibu na kichwa ambapo kuna joto. Anapenda. Mwimbie ule wimbo wenu.

Mvua huku haikatiki. Kama barabara itakubali, Wako atapanda kesho na kushuka Jumatano.

Ivy

*

Lagani, kwenye lori la Wako
Jumatano, 8 Novemba 2023

Ivy,

Nakuandikia nikiwa mbele ya lori, kioo kina ukungu, Wako anangoja maji ya laga yapungue. Mwandiko ni mbaya kwa sababu karatasi iko juu ya goti na nina mkono mmoja. Barua hii msomee Mama Kate kesho akifika. Mimi nimeshindwa.

Nilienda kwa hema yake mara mbili jana, kabla hajashuka mapema kuliko alivyopanga kwa kuogopa mvua. Mara ya kwanza nilimwambia paa la jikoni linavuja. Mara ya pili nilimwambia yule chui ameonekana tena. Mdomo wangu ndio huo, nikiufungua chui anatoka. Kalamu ni afadhali. Inaenda pole pole, mtu anapata nafasi ya kuona haya kabla neno halijaisha.

Hakukuwa na chui. Wewe umeshajua. Hakukuwa na mteremko pia. Ilikuwa nyuma ya jikoni, pale pa tambarare Ebei anapoanika sufuria. Miguu ya Lopus haikukunjika. Hakuna mguu wake hata mmoja uliofanya kosa siku hiyo. Nilimfunga lile tandiko, nikapanda juu ya jerikeni, nikamkalia, nikaanguka. Mimi peke yangu. Yeye alikuwa amesimama.

Mama Kate alipokuja mbio nikiwa chini, aliuliza, "Ameanguka nawe?" Aliniuliza kwa huruma, na alikuwa ameshaniwekea jibu. Nilichukua tu. Nikadhani mguu wa farasi hauna aibu, unaweza kubeba hiyo. Sikujua neno dogo kama hilo litamchimbia shimo. Sikujua kabisa hiyo ya kupumzishwa. Nilikuwa nakata nyasi, Ivy. Ebei alikuwa ananiangalia nikikata nyasi, na siku hiyo ndiyo hakuniuliza sukari ngapi.

Wako hangeweza kupanda na lori mpaka kambini, matope yalikuwa yamemshinda hapa chini. Barua yako Guyo aliileta kwa miguu jana. Asubuhi hii nikaona nikikaa, Wako atageuza lori na kuondoka, na kesho utasema ulikosea. Kushuka kwa miguu na bega hili, mvua hii, nilijaribu. Nilianguka hata kabla ya geti. Guyo alikuwa ametoka na wale wawili. Basi nikamwambia Ebei anisaidie kumpanda Lopus.

Akasema, "Si huyo ndiye alikuvunja?"

Nikamwambia, "Nisukume tu."

"Apalopus, utakufa na mimi ndiye nitaulizwa."

"Ukiulizwa, sema farasi alikuwa amesimama."

Hakuelewa, lakini alinisukuma.

Ule mteremko unaujua. Ni ule niliosema tulianguka. Sikumwongoza. Mkono ulikuwa mmoja na ulikuwa umeshika nywele za shingo, kamba niliilegeza vile ulisema, na kutoka lile jiwe kubwa nilifunga macho. Nilisikia tu vile anaweka mguu, anangoja, anapima, anaweka mwingine. Mawe yalikuwa yanateleza, yeye hakuteleza. Hakuna kingine. Nilipofungua macho nilimwona Wako amesimama nje ya lori, mdomo wazi, mvua inamwingia. Muulize. Sitaongeza neno juu ya hiyo safari kwa sababu nikiongeza moja mtaacha kuamini yote.

Lopus amefungwa hapa nje ya lori. Magoti ni safi. Safari hii ni kweli.

Unajua ng'ombe wangu waliisha. Mtu wa umri wangu akiendelea kuitwa kwa ng'ombe aliyekufa, watu wanamwita kwa kumhurumia, mwisho wanaacha. Nilipata jina tena kwa huyu mnyama na nikamtoa yeye achukue aibu yangu. Mwambie Mama Kate mimi nitarudi kuwa Askari, au nitaondoka, vile atapenda. Ila neno lako lilikuwa zuri. Lisimame.

Mama yako usimsomee.

Ekitela

Nyongeza. Mama Kate atauliza mtu anaangukaje kutoka juu ya farasi aliyesimama. Asipouliza, kunja karatasi hapa. Akiuliza, soma.

Nilikuwa namwimbia. Sisi mtu akiimbia ng'ombe wake huinua mikono, anaikunja juu vile pembe zake zimekunjwa, ili watu wamwone ng'ombe hata kama hayupo. Sasa Lopus hana pembe. Nikaona nikunje mikono vile miguu yake imekaa, mmoja Kipsing, mmoja Gotu. Nikaachilia yote miwili. Nikaanguka kando yake na kupiga kelele mpaka ndege wakatoka mitini.

Lopus alikuwa amelala, vile farasi hulala wakiwa wamesimama. Hata hakuamka.